Jiwe Chini ya Masale

Wifi yangu Dorkasi alizaliwa na wasiwasi kama wengine wanavyozaliwa na alama shingoni. Akifunga mlango, lazima arudi kuuvuta. Akitia chumvi kwenye mboga, anauliza waliokaa naye jikoni kama ameitia. Kaka yangu Sefania, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema kwamba amepata mke na mlinzi kwa mahari moja. Kaka alipofariki, wasiwasi ule ukakosa wa kulindwa, ukamgeukia mwenyewe. Akakonda. Kibanda chake cha cherehani pale Lushoto mjini kikawa kinafunguliwa siku anazojisikia, na wateja wakaanza kupeleka vitenge vyao kwa mafundi wengine.

Mimi Yusta si mtu wa kubembeleza. Nilimwambia atafute kitu cha kumtoa nyumbani, maana kuta hazijibu. Nilifikiri atajiunga na kwaya. Sikujua kama atakwenda makaburini.

Aliyemwingiza kwenye mambo hayo ni mteja, binti wa Kijerumani aliyekuja kujitolea kwenye shule ya watoto wadogo. Binti alileta kitenge ashonewe gauni, na katika kungoja akamwonyesha mchezo uliomo kwenye simu. Wenyewe huuita jiokeshingi. Mtu anaficha kikopo mahali fulani duniani, anaiambia simu ni wapi, na mwingine asiyemjua anakuja na simu yake kukitafuta. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kikaratasi kilichomo, unachukua kitu kidogo, kifungo au shanga, unaacha chako, kisha unakirudisha palepale. Basi. Hakuna zawadi. Niliuliza mara mbili kama kweli hakuna zawadi.

Sisi tukauita kusaka makopo. Kopo lake la kwanza lilikuwa Irente, kwenye ufa wa mwamba, mahali wageni wanaposimama kupiga picha za nyika ya Mombo kule chini. Alirudi na magoti yamechubuka, na kwa mara ya kwanza tangu matanga nikamwona anakula ugali ukaisha sahani. Nikasema moyoni, mchezo huu ni wa wendawazimu lakini na uendelee.

Makopo ya milima hii si mengi. La tatu au la nne lilimpeleka upande wa Rangwi, kwenye makaburi ya zamani yaliyosahauliwa ndani ya miti. Kopo alilipata upesi, lakini hakurudi upesi. Alikaa pale mpaka jua likapinda, akipangusa kuvu kwenye jiwe la mtoto aliyekufa enzi za Wajerumani. Kuanzia siku hiyo makopo yakawa kisingizio, akawa mtu wa mawe. Kila Jumapili baada ya ibada alitoka na dumu la maji, brashi laini ya nguo, futi yake ya kushonea, na kile kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia. Kioo ndicho kilichonishangaza. Herufi zilizolika, alisema, hazisomeki ukizitazama uso kwa uso. Unalipiga jiwe mwanga wa ubavuni kwa kioo, na kila herufi inatupa kivuli chake. Nilijionea mwenyewe. Jiwe lilikuwa tupu kama kipande cha muhogo, akageuza kioo kidogo, na jina la mtu likajitokeza.

Alipiga picha, akaziweka kwenye mtandao wa watu wa mchezo ule, na siku moja mzee mmoja wa Ulaya akamwandikia kwamba jiwe lile la mtoto ni la shangazi yake. Dorkasi alinisomea ujumbe ule akilia. "Amepata mtu wake, wifi," akasema. Nikamwambia watu wa kule wana muda.

Sasa niseme habari ya shamba, maana hapo ndipo kicheko changu kilipokatika.

Nyumba ya Dorkasi iko juu kidogo ya kijito. Kati ya nyumba na maji kuna kipande cha bonde, udongo mweusi usiojua kiangazi, na humo ndimo zinamotoka karoti na hoho anazouza. Cherehani humpa chumvi na sabuni. Bonde ndilo linalomlisha. Katikati ya bonde pana safu fupi ya masale, mimea ile ya mashina membamba na majani marefu. Msambaa yeyote akiona masale yamejipanga anajua mambo mawili: huo ni mpaka, na hayang'olewi. Baba yangu alipolifyeka bonde lile likiwa kichaka, aliyazunguka masale kwa jembe, na sisi watoto tulichapwa kwa kuyachezea.

Ng'ambo ya kijito anakaa Mbaraka na mama yake, Bi Mwanahamisi. Mbaraka ni mtu wa sokoni, mchangamfu, na hana ubaya mpaka aone faida. Mwaka juzi akapata mtu wa Dar es Salaam anayetaka kujenga hoteli ndogo yenye kutazama bonde. Hapo akakumbuka masale. Akasema mpaka ni masale, si kijito, kwa hiyo nusu ya chini ya bonde ni ya kwao. Tukasema mpaka ni kijito. Akauliza, basi masale yanafanya nini hapo? Na sisi jibu hatukuwa nalo. Baraza la ardhi la kijiji likapanga siku ya kuja kuona eneo, na Dorkasi akarudia tabia ya kuvuta mlango usiku kucha.

Siku chache kabla ya wazee kuja, aliingia kwangu bila hodi. Nilikuwa napepeta maharage. Mikono yake ilikuwa na tope mpaka viwikoni.

"Wifi, yale masale si mpaka," akasema. "Ni kaburi."

Nikaweka ungo chini. Akanieleza kwamba alitaka kuficha kopo lake mwenyewe, la kwanza, ili naye aandikwe kwenye mchezo. Akatafuta mahali ambapo hakuna mtoto atakayegusa, na mahali pa namna hiyo ni kwenye masale tu. Akapenyeza mkono katikati ya mashina, akakuta kitu baridi chenye ukingo ulionyooka. Akachimbua kwa vidole. Jiwe limechongwa, limelala chali, masale yamelikumbatia pande zote.

Niliruka. Sioni aibu kusema niliruka. "Mungu ametuona," nikamwambia. "Masale yalipandwa kwa ajili ya maiti, si kwa ajili ya mpaka. Waonyeshe wazee jiwe, kesi ya Mbaraka imekwisha."

"Nimelisoma," akasema.

"Limeandikwaje?"

"Ester, mama wa Rahel. Halafu mwaka, elfu moja mia tisa arobaini na tatu."

"Haya. Ester ni jina la Kikristo. Ni wa kwetu."

Dorkasi akakaa juu ya gunia. Akasema kwa sauti ndogo, kwa Kisambaa, kama anavyosema mambo asiyotaka hata kuku wayasikie, kwamba Rahel ni Bi Mwanahamisi.

Kwa fundi wa nguo, mwanamke akishavua kitenge ili apimwe, huvua na mengine. Zamani kidogo Bi Mwanahamisi alikwenda kupimwa gauni la Idi, na akiwa ameinua mikono akamwambia Dorkasi jambo ambalo hata watoto wake hawalijui. Alizaliwa kwa Walutheri, akabatizwa Rahel. Mama yake Ester alifariki yeye akiwa mchanga. Baba akamchukua wakateremka nyikani, huko akaoa mke Mwislamu, naye akasilimu, na mtoto akapewa jina jipya. Waliporudi milimani walijenga ng'ambo ya kijito. Mama wa kambo hakupenda marehemu atajwe, na baba akanyamaza hadi kufa kwake. "Sijui walimzika wapi," Bi Mwanahamisi alisema. "Nimeuliza mpaka wa kuulizwa wakaisha." Kisha akashusha mikono, akaomba gauni lisimbane kifuani.

Nikaelewa kwa nini wifi yangu hakufurahi. Jiwe lile lilikuwa na makali pande mbili. Likiwa kaburi la mtu asiyejulikana, bonde ni letu. Likiwa kaburi la bibi yake Mbaraka, tumekwisha, maana kwetu aliyelala ardhini ndiye shahidi wa kwanza. Walio hai husema uongo, lakini hakuna mtu anayezikwa kwenye shamba la jirani. Na waliokuwa wanajua Rahel ni nani ni wawili tu, Bi Mwanahamisi na Dorkasi. Na sasa mimi.

"Onyesha jiwe, nyamaza habari ya Rahel," nikamwambia. "Hujasema uongo. Hujaulizwa."

"Bibi ana miaka themanini na kitu, wifi. Mwezi uliopita alilazwa."

"Ndiyo maana nasema. Ataondoka nayo."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nilimwambia hivyo na leo ningemwambia hivyohivyo. Bonde lile ni jasho la baba yangu, na Dorkasi ni mjane asiye na mtoto wa kumtumia chochote. Akifukuzwa pale atakula kioo chake?

Alikaa siku mbili bila kushona. Kila alipokuja kwangu alikuwa na hoja mpya. Mara anasema afukie jiwe, asionyeshe mtu, Mbaraka ashinde kwa masale tu. Mara anasema afuate shauri langu. Mara anahesabu ni vitongoji vingapi vina bonde la kukodi. Nikamwona anavyotafuna kucha, nikamwonea huruma, nikamkaripia zaidi, maana huruma yangu hutokea mlango huo.

Siku ya kuamkia baraza alikunja gauni la Bi Mwanahamisi alilokuwa amelipunguza urefu, akavuka kijito wakati Mbaraka yuko sokoni. Aliporudi nilikuwa namngoja barazani kwake.

"Nimemwambia," akasema.

"Akasemaje?"

"Aliuliza jiwe lina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaniuliza kama limepasuka, nikasema halijapasuka. Halafu akasema niwahi kurudi, ukungu unashuka."

"Ni hayo tu?"

"Hayo tu."

Nilimtolea maneno ambayo nisingependa yarudiwe. Nilimwambia kwamba wema wa kugawa shamba la mume wako aliyekufa si wema, ni kiherehere. Aliinuka akaenda kuvuta mlango wa stoo, ambao ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.

Wazee wa baraza walifika jua limeshapanda. Mwenyekiti wao, Mzee Kornelio, ni mtu mpole anayekohoa kabla ya kila swali. Mbaraka alikuja amevaa koti. Vigingi vya mtu wa hoteli, vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, vilikuwa vimeshapigiliwa kwenye bonde kabla hata kesi haijasikilizwa, na kimoja kilisimama hatua chache tu kutoka kwenye masale.

Mbaraka alisema ya kwake kuhusu masale, vizuri na kwa ufupi. Ikafika zamu ya Dorkasi. Badala ya kusema, alishika kioo chake, akapiga magoti kwenye udongo, akayatenga masale kwa bega, akalimwagia jiwe maji. Wazee wakainama. Akageuza kioo, mwanga ukalala juu ya jiwe, na mmoja wao akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka jina likakamilika. Mtu wa nyuma akavua kofia.

"Basi miaka yote hii tumegombania kaburi," akasema Mzee Kornelio. Akakohoa. "Masale haya si mpaka. Swali ni moja. Huyu Ester ni wa nani?"

Nilidakia kwamba ni wa Wakristo, kwa hiyo ni wa upande wetu. Mbaraka alikuwa ameduwaa, lakini hakuna faida inayompita mtu huyo. Akasema babu yake aliwahi kuishi maeneo haya kabla ya kuteremka nyikani, na ndugu wa zamani walikuwa na dini mchanganyiko, nani ajuaye.

"Muulizeni mama," akasema. "Kwa umri hakuna aliyemzidi hapa."

Wakaenda kumleta. Dorkasi alikuwa bado amepiga magoti, kioo kimemlalia mapajani, na doa la mwanga wake linarukaruka juu ya karoti. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika mkono. Mwisho nilisimama tu nyuma yake.

Bi Mwanahamisi alivushwa kijito polepole, fimbo mkono mmoja, mjukuu mkono mwingine. Alikuwa amevaa lile gauni. Watu wote wakamwamkia, akaitikia, kisha akasogea mpaka kwenye jiwe akalitazama. Hakusoma shule, lakini alilitazama kwa muda mrefu, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Halafu akageuza macho kwenye kigingi chekundu.

"Hiki ni cha nini?" akamwuliza mwanawe.

"Hapo ndipo ukuta wa hoteli utakapopita, mama."

"Hapa?"

"Ndiyo. Lakini usiwe na wasiwasi. Hata kama huyu marehemu ni wa kwetu, makaburi huhamishwa siku hizi. Barabara ikipita yanahamishwa. Tutamhamisha kwa heshima zote, tutamjengea pengine."

Bi Mwanahamisi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei. Mzee Kornelio akakohoa.

"Bibi, samahani kwa kukusumbua. Jiwe linasema huyu ni Ester, mama wa Rahel. Unamfahamu?"

Pale ndipo nilipoona mgongo wa Dorkasi umekakamaa kama ubao. Bi Mwanahamisi alishika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Simfahamu," akasema.

"Hata kwa kusikia? Ester?"

"Simfahamu."

"Na huyo Rahel, mwanawe?"

"Rahel huyo pia simjui," akasema. "Hakuna Rahel kwetu."

Huyu ni mwanamke asiyekosa swala, ambaye akipewa karanga nyingi sokoni kwa makosa huzirudisha. Alisema hivyo mbele ya wazee na mbele ya jiwe, na jicho halikupepesa. Nilikuwa nimengoja neno lile kwa siku kadhaa, nikidhani nikilisikia nitapiga vigelegele. Nililisikia, na vigelegele havikutoka.

Wazee walijitenga kidogo kwenye migomba, hawakukawia. Masale ni kaburi, wakasema, na mpaka ni kijito kama wengi walivyojua. Mwenye shamba ataendelea kulima, na atalitunza kaburi hilo, lisiguswe wala lisihamishwe, kwa kuwa halina ndugu wa kulisemea. Walimwuliza Mbaraka kama ameridhika au anataka kupeleka shauri mbele. Mbaraka alimtazama mama yake, akasema hawezi kwenda mbele na shahidi wa aina hii. Aling'oa vigingi vyake kimoja kimoja, akavibeba kwapani. Wazee wakaagana nasi, wakapanda njia.

"Twende, mama," akasema.

"Tangulieni. Miguu imechoka, nipumzike kidogo hapa kwa fundi."

Mbaraka akaondoka na mjukuu. Alipokwisha kuvuka na kupotea nyuma ya nyumba, Dorkasi alivua kanga ya mabegani akaitandika kwenye udongo, karibu na masale. Tukamsaidia bibi kukaa, mimi huku, yeye kule. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Akaweka fimbo pembeni, akanyoosha miguu, akapitisha kiganja juu ya jiwe lililolowa, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

"Jina langu liko wapi?" akauliza.

Dorkasi akamshika kidole, akakipeleka kwenye mstari wa pili. Bibi akakiacha hapo.

Kijiji kizima humwamkia Bi Mwanahamisi. Wazee wenye mvi humwamkia, Mzee Kornelio mwenyewe humwamkia. Tangu asubuhi hadi jioni kazi yake ni kuitikia marahaba, marahaba, kwa kuwa wote waliokuwa juu yake wamekwisha. Nadhani alikuwa na miaka mingi hajamwamkia mtu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kisha akanyamaza, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama tunavyofanya sote tukishatoa salamu kwa mkubwa. Dorkasi alisimama kwenye tuta la karoti, nami nikasimama kwenye tuta la pili, na hatukuthubutu kusogea kabla hajaitikiwa.